Pedi ya egemeo la abiria: ikicheza, ikigoma kutoka, isiporudi sawa

Abiria ndiye wa kwanza kujua kwamba egemeo limeharibika. Yeye ndiye anayeliegemea pikipiki ikipanda mwinuko wa kutoka kwenye feri ya Likoni, na yeye ndiye anayesikia ubao ukisogea mgongoni kila mnapovuka tuta. Mara nyingi hasemi. Hushuka, hulipa, na kesho hupanda pikipiki nyingine. Dereva huja kujua siku bolti moja imebaki njiani na pedi inaning'inia kwa ile iliyosalia, pengine nyuma kuna mama amempakata mtoto. Kwa hivyo usilichukulie egemeo kama pambo la siti.

Kabla hujashika spana, elewa jambo hili. Pedi ikisumbua, macho ya kila mtu huenda kwenye leza, yaani ngozi ya juu, na sponji, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Tatizo karibu kila mara liko nyuma yake: kwenye ubao uliofichwa na nati zilizogongelewa ndani ya ubao huo. Ukimpa fundi wa siti ashone leza mpya juu ya ubao uliooza, pedi itang'aa wiki mbili, kisha itaanza kucheza tena.

Pedi nyingi kwenye bodaboda zetu, iwe ni Boxer, TVS au nyingineyo, zimeundwa hivi. Kuna ubao wa plaiwudi. Juu yake kuna sponji, na juu ya sponji leza iliyovutwa ikapigwa pini za stapla kwa nyuma. Upande wa sponji, ndani kabisa, kuna nati mbili au nne zenye makucha yaliyouma mbao. Hizo ndizo nati za makucha. Bolti huanzia nyuma, hupita kwenye bamba la chuma, huingia kwenye ubao na kushika nati ambayo huwezi kuiona wala kuigusa. Bamba limechomelewa kwenye bomba, bomba limefungwa au limechomelewa kwenye keria, na keria imefungwa kwenye chesisi. Kila mahali panapoungana panaweza kulegea. Pikipiki kubwa za safari ni tofauti kidogo: nyingi zina sahani ya plastiki ngumu badala ya mbao, na nyingine pedi hukaa kwa ndoano au kwa kufuli lenye ufunguo. Kwa hizo, fungua kitabu cha pikipiki kwanza, kwa sababu plastiki ikipasuka huna cha kugongea nati mpya.

Pedi inacheza: tafuta kinachocheza

Usikimbilie kukaza kila bolti unayoiona. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa. Mkono mmoja shika pedi, mwingine shika bamba la chuma, usukume mbele na nyuma. Pedi ikisogea huku bamba limetulia, kosa liko kwenye bolti za pedi au kwenye ubao. Vikisogea pamoja, shuka chini: shika bomba kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, urudie. Bomba na keria vikisogea pamoja, basi kilicholegea ni bolti za keria kwenye chesisi, na hapo pedi haina hatia yoyote.

Weka kidole kwenye kiungo chenyewe, usitegemee macho. Mchezo wa nusu milimita hauonekani, ila kidole kilichowekwa nusu juu ya chuma na nusu juu ya ubao huusikia mara moja. Sikiliza pia. Mlio mkavu wa "ka, ka" ni chuma kwa chuma. Mlio mzito kama wa kukanyaga kitanda kikuukuu ni mbao, na mbao inayolia hivyo imeshaanza kuachia nati.

Kuna sababu bolti za chini huwa za kwanza kulegea. Abiria huegemea sehemu ya juu ya pedi, ilhali egemeo limeshikwa chini. Bomba lote linakuwa wenzo, na kadiri pedi inavyokuwa ndefu ndivyo nguvu inavyozidi kule chini. Dereva aliyemwambia fundi amwekee egemeo refu la kuvutia ajue amejiongezea kazi ya kukagua.

Bolti haisogei kabisa

Hapa kwetu Mombasa hili ndilo la kila siku. Upepo wa baharini umebeba chumvi, kusi na kaskazi, na anayelaza pikipiki nje Nyali, Bamburi au Mji wa Kale anaona chuma kikibadilika rangi kabla ya mwaka kuisha. Bolti za bei rahisi zimepakwa zinki nyembamba. Zinki ikiisha, kutu inaingia kwenye meno ya bolti na kuiganda na nati.

Kwanza safisha kichwa cha bolti kwa brashi ya waya, kisha hakikisha spana ni yenyewe. Bolti yenye unene wa milimita 6 huwa na kichwa cha namba 10, ya milimita 8 huwa namba 12 au 13 kutegemea iliyotengenezwa wapi. Tumia spana ya ringi au soketi. Spana ya mdomo wazi hushika pembe mbili tu, na kichwa kilicholiwa na kutu huviringika haraka. Kikishaviringika umejitafutia msumeno. Ikiwa ni bolti ya aleni, yenye tundu la pembe sita kichwani, chokonoa uchafu wote kwenye tundu kwa msumari mwembamba mpaka ufunguo uzame hadi chini. Aleni iliyoingia nusu huharibu tundu.

Nyunyiza dawa ya kulegeza kutu na uiache ifanye kazi. Si dakika mbili. Nyunyiza jioni, rudia alfajiri. Usitumie petroli, inalainisha gundi ya sponji, wala mafuta ya breki, yanabandua rangi. Halafu gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi yaliyonyooka, ili kutu iliyoganda ivunjike. Ukianza kuzungusha, kaza kidogo kwanza, kisha legeza. Ikikubali robo mzunguko, irudishe, ongeza dawa, legeza tena. Ukiilazimisha moja kwa moja, bolti ya milimita 6 hukatika bila kukuonya.

Moto usiutumie pedi ikiwa mahali pake. Najua mafundi wengi hukimbilia tochi ya gesi, na kwenye chesisi ina kazi yake. Lakini sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu, na tangi la petroli liko hapo mbele. Bolti isiyotoka kwa dawa na subira, kata kichwa chake kwa msumeno wa chuma na uvute pedi. Kilichobaki ndani utakishughulikia ukiwa mezani.

Bolti inazunguka, lakini haitoki

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima, na ndipo pedi nyingi huraruliwa bure. Spana inazunguka bila shida, unafurahi kwamba hakuna kutu, kisha unagundua bolti iko palepale. Maana yake ni kwamba nati ya ndani inazunguka pamoja na bolti. Makucha yake yameachia mbao.

Kisa chake ni maji. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huingia kupitia mshono wa juu wa leza au kupitia tundu la bolti lenyewe. Sponji huyanywa. Ubao unaokaa umegusana na sponji iliyolowa huvimba, tabaka zake zinaachana, na mbao iliyokuwa imeumwa na makucha inageuka unga wa kahawia. Ukifanikiwa kuitoa bolti hiyo utaona ushahidi: nyuzi za mbao zimejisokota kwenye meno, nyeusi na laini, na tundu lililokuwa duara limekuwa yai.

Jaribu njia nyepesi kwanza. Ingiza bisibisi bapa kati ya bamba na ubao, karibu na bolti inayozunguka, uisukume kama unataka kuvitenganisha. Lengo si kung'oa. Unataka nati ivutwe ikandamize ubao, ili makucha yaliyobaki yapate cha kushika. Mwenzako ashikilie hivyo hivyo huku wewe unalegeza taratibu. Mara nyingi hii inatosha kwa bolti moja ya mwisho. Anza na zile nati zilizo salama na umalizie na inayosumbua, kwa sababu pedi ikishaachiwa upande mmoja ni rahisi zaidi kuivuta.

Isipokubali, fungua leza, lakini kwa nyuma na kwa upande wa chini tu. Ng'oa pini za stapla moja moja kwa ncha ya bisibisi, ukizimalizia kwa plaizi. Usivute leza kwa nguvu pini zikiwa bado zimeshika, itachanika pale pale kwenye tundu la pini na utakuwa huna pembe ya kufunika tena. Pata nafasi ya mkono. Kunja leza, inua sponji kwa vidole bila kuichana (ikiwa imegandishwa kwa gundi, pitisha kisu chembamba kikiwa bapa juu ya ubao), mpaka uione nati. Ishike kwa plaizi ya kufunga, na bolti itatoka kwa amani.

Sasa amua. Bonyeza ubao kwa ncha ya bisibisi kuzunguka tundu. Ikiwa ncha haizami, ubao ni mzima na kosa ni la tundu moja: hamisha nati ya makucha kwenye mbao mpya sentimita mbili pembeni ikiwa bamba lako lina nafasi ya kutoboa tundu jingine. Au weka bolti yenye kichwa bapa kutoka upande wa sponji, na washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu, chini ya kichwa, ikitokeza nyuma ifungwe kwa nati ya nje. Njia hii ya pili mimi ndiyo ninayoipenda kwa bodaboda. Nati unaiona, unaikaza bila kufungua chochote, na washa pana haichimbi mbao. Kasoro yake ni kwamba kichwa kisipokaa sawasawa na ubao abiria atakisikia, kwa hiyo kichimbie kidogo kwa tindo.

Ncha ikizama, acha kuhangaika na dawa. Ubao umekwisha. Ulaze juu ya plaiwudi mpya ya milimita 12, ile ya kustahimili maji inayotumika kwenye mashua na kabati za jikoni, chora ukingo wake na kila tundu, ukate. Kabla ya kurudisha sponji, paka kingo zote na ndani ya matundu rangi ya mafuta au vanishi mara mbili. Maji huingia kwenye plaiwudi kupitia kingo zilizokatwa zaidi kuliko kupitia uso wake, na mafundi wengi hupaka uso wakasahau kingo.

Pedi imetoka vizuri, ila hairudi sawa

Matundu yasipolingana, sababu ya kawaida ni kwamba bolti ya kwanza imekazwa mpaka mwisho kabla ya nyingine kuanza. Zianze zote kwa vidole, bila spana, kila moja mizunguko mitatu minne. Ikigoma kwa vidole, imepinda: itoe, ianze upya. Ukiilazimisha kwa spana itakata meno ya nati na utarudi kule kwenye kufungua leza. Zote zikishashika, kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, kama unavyokaza bolti za gurudumu la gari.

Pedi ikisimama vibaya, imelala nyuma au inaacha uwazi upande mmoja, angalia kama kulikuwa na vipande vya bomba au washa nene kati ya bamba na ubao. Huanguka wakati wa kufungua, na mtu hudhani ni takataka. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua, upande wa nyuma, karibu, ili kila washa ionekane ilikaa wapi. Na hakikisha hukuigeuza juu chini. Pedi nyingi zinafanana juu na chini, lakini mshono wa kuunga leza unapaswa kuwa chini, maji yasiingie.

Abiria akilalamika kuna kitu kinamchoma mgongoni, bolti ni ndefu mno. Fanya hesabu: bamba la milimita 3, washa ya milimita 1 na nusu, ubao wa milimita 12, jumla 16 na nusu. Bolti yenye urefu wa milimita 16 inafika kwenye nati vizuri. Ya 25 inatokeza karibu milimita 9 ndani ya sponji, na akiegemea mtu mzito inatoboa leza kutoka ndani. Usiongeze washa tano kufidia. Nunua bolti sahihi, ni shilingi chache, au ikate kwa msumeno na ulainishe ncha kwa tupa.

Unaikaza, baada ya siku chache imelegea tena

Wengi hulaumu mtetemo, na ni kweli injini ya silinda moja hutetemesha kila kitu. Lakini mtetemo hulegeza kile ambacho hakikushika vizuri tangu mwanzo. Angalia kilicho kati ya bamba na ubao. Ikiwa fundi alikunja leza ikapita chini ya bamba, umekaza juu ya kitu laini. Leza hukandamizwa siku baada ya siku, inakuwa nyembamba, na bolti inabaki bila mvuto ingawa hakuna aliyeilegeza. Kata leza kwa mduara kuzunguka kila tundu, chuma kiguse mbao moja kwa moja. Rangi nene iliyopakwa juu ya bamba hufanya vilevile. Ikwangue chini ya washa, kisha weka grisi kidogo ili pale palipokwanguliwa pasishike kutu.

Nati zenye plastiki ndani hupoteza mshiko zikifunguliwa mara nyingi. Ukiona unaweza kuizungusha kwa vidole mpaka mwisho, hiyo imekwisha. Kwa nati ya makucha, tone moja la gundi ya bolti ya rangi ya buluu linatosha, nayo bado hufunguka kwa spana ya kawaida. Ile nyekundu iache, huhitaji moto kufungua, na moto tumeshausema. Gundi hii pia isiguse sahani ya plastiki, maana aina kadhaa za plastiki hupasuka kwa ajili yake.

Na usikaze kwa hasira. Kwenye mbao, kaza mpaka washa iume, kisha robo mzunguko. Ukizidisha, makucha yanavutwa yanapenya ubao na umeuharibu kwa mkono wako mwenyewe.

Shati la abiria limelowa na jua linawaka

Sponji imehifadhi mvua ya juzi. Toa pedi, isimamishe upande wa mshono ukiwa chini, ikandamize kwa viganja mpaka maji yaache kutoka, kisha iache kivulini penye upepo, si juani, kwa sababu leza iliyochemka hukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Huenda ikachukua siku kadhaa. Kisha toboa matundu mawili madogo kwenye ubao upande wa chini, maji yapate njia. Ukishonesha leza mpya, mwambie fundi aweke karatasi ya nailoni kati ya sponji na leza, atumie uzi wa nailoni badala ya pamba, na pini za stapla zisizoshika kutu ikiwa anazo. Pini za kawaida ndizo zinazoacha ile michirizi ya kahawia nyuma ya pedi.

Pedi imekaza, bamba limekaza, bado linapinda

Chunguza mshono wa kuchomelea pale bomba linapokutana na keria. Futa vumbi, tafuta mstari mwembamba kama unywele wenye rangi ya kutu inayovuja. Huo ni ufa. Usimbebe abiria mpaka uchomelewe. Toa pedi nzima kabla ya kwenda kwa fundi wa kuchomelea, na tenganisha waya wa hasi wa betri, umeme wa kuchomelea usije ukaunguza sidiai (kisanduku cha umeme wa plagi) au regyuleta (kidhibiti cha chaji ya betri). Mwambie aweke klempu yake ya waya wa ardhi karibu kabisa na anapochomelea. Na asiishie kujaza ufa juu kwa juu: palipopasuka mara moja panahitaji kipande cha pembe tatu cha kuimarisha, la sivyo ufa hurudi pembeni mwa mshono mpya. Chuma kikishapoa, piga brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, hewa ya Mombasa haisubiri kesho.

Ukimaliza kurudisha pedi, kaa mwenyewe kwenye siti ya nyuma, mwenzako ashike usukani, uegemee kwa uzito wako wote na ujisogeze kushoto na kulia huku kidole kiko kwenye kiungo. Kikiwa kimya, rudi kazini. Baada ya siku tatu nne za kubeba abiria, pitisha spana kwenye kila bolti mara moja zaidi, kwa sababu ubao mpya na leza mpya lazima vikae kidogo.